Viungo Vimeteguka: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Miradi ya Programu

Ndugu wasimamizi wa miradi, wakuu wa idara za uhandisi, na nyote mnaoidhinisha siku ya kuzindua tovuti mpya,

Salaam.

Nawaandikia ninyi, si waandishi wenzangu wa nyaraka, kwa sababu waandishi haya wanayajua na wameyasema mpaka wamechoka. Ninyi ndio mnaoamua kipi kipewe muda na kipi kisubiri. Funguo za domeini, yaani jina la tovuti kwenye mtandao, mnazo ninyi, na tovuti ikihama, sahihi iliyoruhusu ihame ni yenu.

Nianze na usiku mmoja. Nilikuwa napandisha toleo la hifadhidata. Huduma niliizima saa tano usiku, watumiaji wameshatangaziwa kwamba itarudi saa saba, nami nikawa nafuata mwongozo wa watengenezaji hatua kwa hatua, kila hatua ikiisha naitia alama kwenye karatasi. Hatua tano za mwanzo zilikwenda vizuri. Ya sita ilikuwa sentensi moja: ikiwa mfumo endeshi wa seva mpya si sawa na ule wa zamani, fuata maelezo yaliyo hapa kabla ya kuwasha. Neno "hapa" lilikuwa na rangi ya buluu. Mfumo wangu haukuwa sawa na wa zamani. Nikabofya.

Nikatokea kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti mpya ya bidhaa ile. Picha kubwa ya watu wanaotabasamu mbele ya kompyuta, kitufe cha kuomba kuonyeshwa bidhaa, na maneno ya kunikaribisha. Maelezo ya hatua ya sita hayapo. Nikarudi nyuma nikabofya tena, nikatokea palepale. Nikajaribu kisanduku cha utafutaji cha tovuti yenyewe, kikaniletea matangazo. Nikaenda kwenye injini ya utafutaji, nikakuta watu waliokwama kama mimi miaka mitatu nyuma, na wenzao wema waliowajibu kwamba suluhisho liko hapa. Kila "hapa" niliyoibofya ilinirudisha kwa wale watu wanaotabasamu.

Saa sita na nusu nikakumbuka kuinakili anwani ile ya zamani na kuipeleka Wayback Machine, ile huduma ya Internet Archive inayohifadhi nakala za kurasa za wavuti. Nakala ilikuwepo. Aya nne tu. Zilieleza kwamba maktaba ya mfumo endeshi inayoamua mpangilio wa maneno ilikuwa imebadilika kati ya matoleo, kwa hiyo faharasa zote za safu za maandishi, zile orodha zinazoisaidia hifadhidata kuzipata rekodi, zijengwe upya. Usipofanya hivyo hifadhidata itawaka bila kulalamika, itapokea data mpya, na itashindwa kuziona rekodi ambazo imezibeba yenyewe.

Bila kulalamika. Ningeiruka hatua ile, na nakiri nilikuwa karibu kuiruka, asubuhi watu wangetafuta majina yao wasiyaone, wengine wangesajiliwa mara ya pili, na ingetuchukua wiki kuelewa kosa lilianzia wapi. Kuzijenga faharasa kulinichukua dakika 40. Kuitafuta aya iliyoniambia nizijenge kulinichukua saa moja na robo. Huduma ilirudi saa saba na dakika 20.

Nimelirudia tukio lile kichwani mara nyingi, na simwoni mtu mbaya ndani yake. Aliyeandika mwongozo alifanya vyema kutorudia maelezo yaliyokwishaandikwa mahali pengine, aliyaelekezea. Ninavyokisia, kwa kuwa nami nimewahi kushiriki kuhamisha tovuti za namna hiyo, timu ilipewa tarehe ya uzinduzi na orodha ndefu ya kazi, na ndani ya orodha ile hapakuwa na mstari wa anwani za zamani. Siku ya mwisho mtu akagundua kurasa kadha wa kadha hazina pa kwenda. Akaandika kanuni moja kwenye seva: kila anwani usiyoifahamu, ipeleke ukurasa wa mbele. Dakika mbili, kazi imekwisha, hakuna kosa linaloonekana kwenye skrini.

Kanuni ile ndiyo ninayoilalamikia. Itifaki ya HTTP, yaani kanuni ambazo kivinjari na seva hutumia kuzungumza, imetupa maneno ya kutosha ya kusema ukweli. 404 humwambia msomaji kwamba alichokiomba hakionekani. 410 humwambia kilikuwepo, kimeondolewa kwa makusudi, asikisubiri. 301, na tangu mwaka 2015 ndugu yake 308, humwambia kimehama kabisa, na anwani yake mpya ni hii. Seva iliyonipeleka ukurasa wa mbele ilitumia neno la kuhama kwa kitu ambacho hakikuhama, kisha ikamalizia na 200, yaani kila kitu kiko sawa. Kwa kufanya hivyo ilininyima mimi habari, na ilivinyima habari pia vyombo vyote ambavyo vingeweza kupiga kengele, maana programu ya kukagua viungo ikipewa 200 hupita. Ndiyo maana kosa lile lilidumu bila mtu wa ndani kulijua. Afadhali mara mia 404 ya kweli.

Kwa Kiswahili kitu hiki tumekiita kiungo, neno lilelile la goti, kiwiko na bega, na waliolichagua walipatia. Wengi husema kiungo kimekufa. Mara nyingi hakijafa, kimeteguka. Mfupa upo na mkono upo, ila mmoja umesogea na mwingine umebaki ulipokuwa. Zile aya nne, kama nilivyokuja kugundua siku tatu baadaye, bado zilikuwepo kwenye tovuti mpya, chini ya anwani nyingine kabisa. Hakuna aliyezifuta. Mtu aliyezihamisha hakuacha neno la kusema amezipeleka wapi.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji kukisiwa. Mwezi wa Mei 2024, Pew Research Center ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazifikiki ilipofika Oktoba 2023. Huo ni wavuti kwa ujumla. Upande wetu, watafiti walichunguza viungo milioni 9.6 vilivyoandikwa ndani ya maelezo ya msimbo, wakachapisha matokeo mwaka 2019: karibu asilimia 10 vilikuwa vimekufa. Na hivyo ni viungo ambavyo mwandishi wa msimbo aliviweka karibu kabisa na mstari mgumu, ili atakayekuja baada yake aelewe kwa nini ulifanywa vile.

Kiungo cha kwenye nyaraka hubeba mzigo tofauti na cha kwenye gazeti. Msomaji wa habari akibofya kiungo kisichofunguka, amekosa ushahidi au maelezo ya ziada, lakini habari ameshaipata. Msomaji wa mwongozo wa programu yuko katikati ya kazi. Amezima kitu, amefuta kitu, ameshaandika nusu ya amri. Kwake kiungo ni hatua. Kinapoteguka, anabaki amesimama kwa mguu mmoja, na ninyi hamjui, kwa sababu hana njia ya kuwaambia saa ile na kesho hatakuwa na nguvu ya kurudi kuwaandikia.

Kisichofunguka walau hujitangaza. Kinachoninyima usingizi zaidi ni kiungo kinachofunguka vizuri na kumpeleka mtu pasipo.

Chukueni mfano wa RFC, zile nyaraka zenye namba zinazoeleza kanuni za mtandao. RFC 2616 ilikuwa maelezo rasmi ya HTTP/1.1 yaliyotolewa Juni 1999. Nafasi yake ilichukuliwa na mfululizo wa RFC 7230 hadi 7235 mwezi wa Juni 2014, na huo nao ukapisha RFC 9110 na wenzake Juni 2022. RFC ikishachapishwa maandishi yake hayaguswi tena, na hilo ni jambo zuri sana. Kwa hiyo kila kiungo cha 2616 kilichowahi kuandikwa popote kinafunguka mpaka leo. Mkaguzi wa viungo atakipa alama ya kijani kila wiki, milele. Na bado nakutana na nyaraka zinazomwelekeza mhandisi kijana huko kama sheria inayotumika. Hakuna programu itakayowashtua kuhusu hili. Ni lazima mtu anayejua maana ya yaliyoandikwa apite na kusoma.

Au chukueni alama ya #, ile inayompeleka msomaji kwenye kichwa fulani katikati ya ukurasa mrefu. Wengi hawajui kwamba kinachofuata baada ya # hakitumwi kwa seva kabisa. Kivinjari hukiweka chenyewe, hupokea ukurasa mzima, kisha hutafuta ndani yake mahali penye jina hilo. Kisipopaona, msomaji huachwa juu kabisa ya ukurasa, kimya. Na jina la mahali pale mara nyingi hutengenezwa na programu kutokana na maneno ya kichwa chenyewe. Mhariri mwenye nia njema akibadilisha kichwa kutoka "Kuweka programu" kuwa "Jinsi ya kuweka programu", ameshategua viungo vyote vilivyokuja pale, vya ndani na vya nje, na seva haina habari. Kama vifaa vyenu vinaruhusu kulipa kila kichwa jina la kudumu lisilotegemea maneno yake, liwekeni tangu siku ya kwanza. Ni herufi chache tu.

Kuna na kosa dogo linalofanywa na karibu kila mmoja wetu, mimi nikiwemo kwa miaka mingi: kumwelekeza msomaji kwenye mstari wa 212 wa faili fulani katika tawi kuu la hazina ya msimbo, yaani nakala inayobadilishwa kila mara. Siku ya kwanza mstari wa 212 ni kazi ninayoieleza. Mwezi ujao mtu ameongeza mistari kumi juu yake, na 212 sasa ni mabano ya kufunga. Kiungo kinafunguka, namba ipo, na msomaji anayakodolea macho mabano akijiona mjinga. Kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, dawa yake ni kubonyeza herufi y wakati faili liko wazi. Anwani hubadilika, jina la tawi likaondoka na badala yake ikaingia namba ya kamiti, yaani ya badiliko moja lililohifadhiwa, na hapo kiungo kimegandishwa kwenye msimbo wa siku ile. Herufi moja. Nimewaonyesha wahandisi wenye uzoefu wa miaka mingi jambo hili wakashika kichwa.

Juu ya hayo yote kuna domeini. Jina la domeini hukodishwa, halinunuliwi moja kwa moja. Likiachwa au likiuzwa, viungo vyote vinavyolitaja humtii mwenye nyumba mpya. Mwaka 2024 tuliliona hili kwa macho. Domeini ya polyfill.io, iliyokuwa ikitoa msimbo wa bure wa kuvisaidia vivinjari vya zamani, ilipita kwa mmiliki mwingine mwanzoni mwa mwaka, na ilipofika Juni ikagundulika inatuma msimbo hasidi kwa wageni wa tovuti zilizoitumia. Tovuti hizo zilizidi 100,000. Wamiliki wake hawakubadilisha hata herufi moja. Walikuwa na mstari mmoja walioambiwa na mwongozo fulani wauweke, wakauweka, wakausahau. Mwongozo unaomwambia mtu "nakili mstari huu" umechukua dhamana juu ya anwani iliyomo ndani ya mstari huo kwa muda wote utakaosomwa.

Hata mifano ya kubuni ina madhara yake. Mwandishi akihitaji anwani ya mfano hubuni jina linalosikika vizuri, na jina hilo kesho laweza kusajiliwa na yeyote, kwa lolote. Tangu Juni 1999, RFC 2606 imetutengea example.com, example.net na example.org kwa kazi hii hii. Tuyatumie.

Najua mtasema, na mmeshaniambia kwa nyakati tofauti, kwamba mambo ya nje hamna mamlaka nayo. Ni kweli. Maghala ya msimbo hufungwa: Google Code ilifungwa Januari 2016, CodePlex ikafungwa Desemba 2017, na Bitbucket iliondoa hazina za Mercurial, mfumo mmojawapo wa kutunza matoleo ya msimbo, mwezi wa Julai 2020. Machi 2022 GitHub ilizima itifaki ya git:// isiyo na usimbaji, na kila mwongozo ulioanza kwa amri ya kunakili hazina kwa anwani ya namna hiyo ukavunjika kwenye hatua ya kwanza. Mei 2021 wahudumu wa kujitolea wa freenode, mtandao wa vyumba vya mazungumzo, walijiondoa wakaanzisha Libera.Chat, miradi mingi ikawafuata, na kwa muda mrefu baadaye nyaraka ziliendelea kuwapeleka wageni kwenye vyumba vilivyohamwa. Hakuna msimamizi wa mradi mdogo angeweza kuyazuia haya.

Lakini karibu yote yalitangazwa mapema, miezi kabla. Swali langu ni hili: tangazo lile lilipotoka, ni nani katika mradi wenu ambaye kazi yake ilikuwa kusimama na kuuliza, je, tumelitaja jina hili mara ngapi kwenye nyaraka zetu? Kulitafuta neno "freenode" kwenye hazina nzima ni amri moja. Kama hakuna jina la mtu kwenye swali hilo, basi hakuna atakayeuliza, na hapo ndipo mamlaka yenu yanapoanza.

Vifupisho vya anwani navyo vimetupa somo. Mwaka 2019 Google iliacha kupokea viungo vipya vya goo.gl, huduma yake ya kufupisha anwani, mwaka 2024 ikatangaza kwamba vya zamani vitakoma tarehe 25 Agosti 2025, kisha mwanzoni mwa mwezi huohuo ikasema vile ambavyo bado vinatumika vitabaki. Wenye viungo hivyo kwenye miongozo yao waliishi mwaka mzima wakisubiri uamuzi wa mtu mwingine. Ombi langu hapa ni fupi: kifupisho kisiingie kwenye nyaraka kabisa. Anwani ndefu haimuumizi msomaji, maana haioni. Anaona maneno yenye rangi ya buluu.

Na maneno hayo yaseme kitu. Kile "hapa" changu cha hatua ya sita kingekuwa "kujenga upya faharasa baada ya kubadilisha mfumo endeshi", ningejua la kutafuta hata ukurasa ungeungua. Jina kamili la ukurasa likiandikwa kwenye kiungo, msomaji hubaki na uzi mkononi.

Sasa naomba mambo ambayo ninyi tu mnaweza kuyatoa.

Kwanza kabisa, tovuti isihame bila ramani ya anwani. Ramani ninayoisema ni jedwali lenye safu mbili, anwani ya zamani na anwani mpya, ukurasa kwa ukurasa, linaloandikwa kabla ya uzinduzi na si baada ya malalamiko. Ukurasa usio na mrithi upewe 410 na maneno mawili ya kueleza kwa nini. Jedwali hili liwe sharti la kuzindua, kama ukaguzi wa usalama ulivyo sharti. Likikosekana, tarehe isogezwe. Naelewa uzito wa ninaloomba. Nimekaa kwenye mikutano ambayo tarehe ilikuwa imeshatangazwa kwa wateja. Hata hivyo mwandishi wa nyaraka hana uwezo wa kusogeza tarehe, na fundi wa seva hana. Ninyi mnao. Na jedwali likishawekwa lisiondolewe baada ya mwaka mmoja kwa kisingizio cha usafi. Kanuni elfu za kuelekeza ni faili dogo la maandishi, na seva huzisoma bila kuhisi. Tim Berners-Lee, aliyeuanzisha wavuti, aliliandikia suala hili mwaka 1998: anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na anayeibadilisha ni mtu, haibadiliki yenyewe.

Ushauri wake mmoja ningependa wasanifu wa tovuti zenu wausikie kutoka kwenu, yaani kuvitoa ndani ya anwani vitu vinavyojulikana kwamba vitabadilika. Jina la timu litabadilika mkipanga upya idara. Kiambishi cha .php kitaondoka mkibadilisha mtambo. Namba ya toleo iwepo, ndiyo, kwa anayehitaji toleo lile hasa, lakini pembeni yake kuwe na anwani ya kudumu inayofuata toleo la sasa. Nyaraka za Python hufanya hivi kwa /3/, na za PostgreSQL kwa /current/. Mtu akiandika makala leo akatumia anwani hizo, msomaji wa miaka mitano ijayo atafikia nyaraka za siku yake.

Viungo vikaguliwe kama msimbo unavyokaguliwa. Vifaa vipo na ni vya bure: Sphinx, programu ya kutengeneza nyaraka, ina kikaguzi chake cha linkcheck, lychee hufanya kazi hiyo kwa faili za Markdown na HTML, na vingine vingi. Ila nina neno kwa mtakaoviagiza, kwa sababu nimeona jambo jema likiharibiwa na pupa. Viungo vya ndani, kutoka ukurasa wenu kwenda ukurasa wenu, vizuie mabadiliko yasipite kama kimojawapo kimevunjika. Hivyo viko chini ya mamlaka yenu asilimia mia. Vya nje visizuie. Tovuti za watu hupumzika, hukataa programu za kukagua kwa 403, huchoshwa na maombi mengi zikajibu 429. Mkiviweka kwenye mlango mmoja na majaribio ya msimbo, mhandisi aliyerekebisha herufi moja atazuiwa na seva iliyolala upande wa pili wa dunia, ataingiza anwani ile kwenye orodha ya kupuuzwa ili apite, na orodha itakua mpaka ukaguzi uwe hauoni kitu. Viendeshwe peke yake, mara moja kwa wiki, na matokeo yafike kwa mtu mwenye jina.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalohitaji sahihi zenu. Ripoti inayotumwa kwa wote haisomwi na yeyote. Mpeni mtu mmoja nusu siku kila mwezi, iandikwe kwenye kazi zake na ihesabiwe anapopimwa utendaji. Ndani ya nusu siku hiyo apitie ripoti ya wiki nne, arekebishe, na asome kwa macho yake kurasa chache za nje ili aone kama bado zinasema kile tunachodai zinasema. Kila anapoongeza kiungo cha nje cha muhimu, apeleke ukurasa ule Wayback Machine uhifadhiwe siku hiyohiyo. Wikipedia wana roboti iliyokwishaokoa mamilioni ya viungo kwa njia hii, na iliviokoa kwa sababu nakala zilikuwepo kabla kurasa hazijatoweka.

Na mgeni apokelewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayekiona kiungo kilichoteguka ni anayesoma mwongozo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sisi wenyeji tulishaacha kuusoma. Niliwahi kutuma marekebisho ya kiungo kimoja kwa mradi fulani mkubwa. Mstari mmoja, anwani ya zamani na mpya, na maelezo ya jinsi nilivyothibitisha. Nikajibiwa na programu kwamba nisaini mkataba wa mchangiaji, nikasaini. Nikaambiwa nifungue kwanza tiketi ya tatizo, nikafungua. Kisha kimya. Baada ya miezi sita programu ileile ikaifunga tiketi kwa kukosa shughuli. Kiungo kilikuwa bado kimevunjika. Nilikiangalia siku hiyo. Nawaomba mtenge njia fupi kwa marekebisho ya namna hii: anayerekebisha kiungo pekee asidaiwe anachodaiwa anayebadilisha msimbo, na mtu mmoja awe na ruhusa ya kuyapitisha palepale baada ya kubofya na kuona.

Kuhusu domeini sina mengi. Ilipiwe yenyewe, watu wawili wawe na funguo, na mkiwa mmeacha kuitumia endeleeni kuilipia muda wote ambao nyaraka zozote duniani bado zinaitaja.

Kuna wanaoniambia siku hizi kwamba haya yamepitwa, kwa kuwa watu hawabofyi tena. Wanaiuliza programu ya akili unde nayo inawajibu. Programu hizo zilijifunza kutoka kurasa za zamani, na hutoa anwani za zamani kwa uhakika uleule zinaotolea mpya. Mtu akipewa anwani ya mwaka 2019 na akafika kwenu, kitu pekee kinachoweza kumwokoa ni 301 mliyoiacha mlipohama. Mzigo wenu umeongezeka.

Sitaki barua hii ibaki kwenye meza ikisubiri mkutano, basi naomba jambo moja la wiki hii, lisilohitaji bajeti. Mwambieni fundi wa seva atoe kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva, majibu yote ya 404 ya siku 30 zilizopita, ayapange kwa wingi wa maombi, na pembeni ya kila anwani aweke ukurasa ambao msomaji alitokea. Kisha afute zote isipokuwa zile ambazo msomaji alitokea kwenye kurasa zenu wenyewe. Hao waliomba njia kwenu, mkawaonyesha, wakaifuata. Someni mistari 20 ya juu ninyi wenyewe, si kupitia ripoti. Pamoja nayo, afungue kanuni za kuelekeza na kuwaonyesha ni anwani ngapi zinazotupwa ukurasa wa mbele.

Mkishaona, niandikieni hata neno moja. Kama kuna jedwali la kuandika, nitakaa na watu wenu tuliandike.

Wenu katika kazi,

Msomaji na mwandishi wa nyaraka